Nani Anaushika Mlango? Historia ya Malazi ya Istanbul na Funzo kwa Anayekodi Fleti



Kila msimu wa harusi ukikaribia huwa tunaulizwa suala moja: "Tunakwenda Istanbul, tukodi fleti gani?" Wapo wanaokwenda fungate na waume zao, wapo wanaofuata nguo ya harusi na vitambaa, na wapo wanaochanganya yote mawili katika safari moja. Tokea ndege za Uturuki zilipoanza kutua Unguja mwaka 2016, mji ule umekuwa kama jirani yetu. Mtu anaondoka na begi tupu, anarudi na mabegi matatu.

Siku zote tumekuwa tukijibu kwa ufupi: angalia bei, angalia picha, soma waliotangulia wamesema nini. Leo tunajibu kwa urefu na tunaanzia mbali, kwani jibu letu la ufupi lilituponza wenyewe. Sisi si wanahistoria. Tulimaliza skuli, tukajifunza ushonaji, na ni cherehani iliyotufikisha Istanbul. Lakini baada ya yaliyotukuta tulikaa tukasoma historia ya mji ule na namna ulivyowalaza wageni wake, na tukaona kwamba laiti tungeijua mapema, tusingelikodi tulivyokodi.

Usiku wa mlangoni

Ilikuwa mwaka 2024, baada ya Idi ndogo. Tulikuwa watano: sisi wawili wa dukani, bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa anafuata nguo yake, mama yake mdogo, na kaka yake aliyekuja kuwa mahram wao. Tulikodi fleti ya vyumba viwili katika wilaya ya Fatih, upande wa mji wa zamani. Picha zilikuwa nzuri kweli: kochi jeupe, mapazia mapya, birika la chai juu ya meza, na dirishani bahari inaonekana kwa mbali. Bei ilikuwa nafuu kuliko zote tulizoziona.

Siku ya safari mwenye nyumba alituandikia kwenye simu: mkikutana na mtu ngazini akikuulizeni nyinyi ni nani, semeni "misafir". Tulicheka. Neno lenyewe si letu hili? Kwani sisi si wasafiri? Hatukuliwazia zaidi ya hapo.

Tulifika baada ya Isha. Funguo zilikuwa ndani ya kisanduku chenye namba za siri kilichofungwa kwenye nondo za dirisha la chini. Mwenye nyumba hakuwepo wala hakumtuma mtu. Tulikuwa tunapandisha mabegi, hakuna lifti, ghorofa ya nne, mara mlango wa ghorofa ya pili ukafunguka na mama mmoja wa makamo akatoka na ushungi wake akatuuliza jambo. Bibi harusi wetu, kwa uchangamfu wake, akamjibu: "Misafir!"

Yule mama akatutazama mmoja mmoja. Akatoa simu yake, akaandika, akatuonesha tafsiri kwa Kiarabu, ambacho mama mdogo anakisoma. Aliuliza neno moja tu: mmelipa?

Hapo ndipo tulipofahamu. Kwa Kituruki misafir si mtu aliye safarini. Ni mgeni wa mtu, jamaa au rafiki aliyealikwa nyumbani. Neno limetoka Kiarabu kama letu, lakini limeshika njia nyengine. Kwa ulimi wetu tulikuwa tumesema kweli, na kwa masikio yake tulikuwa tumesema uongo tuliotumwa na mwenye nyumba.

Tukatazamana. Tukisema hatukulipa, tunalala. Tukisema tumelipa, hatujui tutalala wapi. Kijana wetu amesimama na mabegi mawili mabegani, anasubiri. Mama mdogo akavuta pumzi akaandika: "Tumelipa, dada yangu. Hatukujua."

Hakutufokea. Alituelezea kuwa jengo lao halijatoa ridhaa kwa fleti ile kupangishwa kwa siku. Kila wiki wanakuja watu wepya, wanagonga kengele za watu usiku wa manane, wanauacha mlango wa nje wazi, na yeye ana mabinti ndani. Wameshapeleka malalamiko. Halafu akatuletea chai na mkate, akasema laleni, kesho tafuteni pengine. Mwenye nyumba hakupokea simu tena. Kodi ya siku nne ilikwenda hivyo hivyo.

Pesa iliuma, lakini aibu iliuma zaidi. Sisi tumelelewa kwa kujua haki ya jirani. Mtu angetufanyia vile mtaani kwetu Mji Mkongwe, wallahi tungelitoka nje kama alivyotoka yule mama. Safari ile tulikuwa ndio wageni wasiojulikana wanaopita mbele ya milango ya watu.

Mji uliowalaza wageni kwa wakfu

Istanbul imekuwa ikipokea wageni muda mrefu sana. Sultani Muhammad wa Pili, anayeitwa al-Fatih, aliufungua mji mwaka 1453, na kati ya miaka 1463 na 1470 alijenga msikiti wake mkubwa. Wilaya ya Fatih imepewa jina lake. Msikiti haukusimama peke yake. Palikuwa na madrasa, hospitali, jiko la kulisha watu, nyumba ya kupumzikia wageni na mahali pa kulaza misafara na wanyama wao. Yote yaliendeshwa kwa wakfu. Mgeni alikaribishwa siku tatu bila ya kutoa kitu.

Kwa nini tatu? Sote tunaijua hadithi ya Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, kwamba ukarimu kwa mgeni ni siku tatu na kinachozidi hapo ni sadaka. Na sisi wa pwani tuna methali yetu ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu. Maana ni moja: ugeni una haki zake, na una mpaka wake.

Jambo lililotufurahisha ni kwamba baadhi ya waliojenga majumba haya ya wasafiri walikuwa wanawake. Nurbanu Sultan, mama yake Sultani Murad wa Tatu, alijengewa na msanifu Sinan msikiti wa Atik Valide pale Üsküdar, upande wa Asia, jengo lililokamilika mwaka 1583. Pamoja na msikiti kulikuwa na hospitali, jiko la wakfu na mahali pa kulala misafara. Üsküdar ndiko ilikoanzia njia ya Hija, na ndiko ulikovukia kila mwaka msafara wa zawadi za Sultani kwenda Makka na Madina. Hurrem Sultan, mke wa Sultani Suleiman, aliacha hamamu kubwa baina ya Ayasofya na mahali ulipo leo Msikiti wa Buluu. Ilijengwa mwaka 1556, nusu ya wanaume na nusu ya wanawake, kila upande na mlango wake. Na Kösem Sultan, katikati ya karne ya 17, alijenga Büyük Valide Han, moja katika hani kubwa kabisa za mji, ili mapato yake yauhudumie msikiti wake wa Çinili huko Üsküdar.

Hani ilikuwa ni nyumba ya wafanyabiashara wasafiri, watu kama sisi. Jengo la mawe linauzunguka uwanja wa wazi. Chini ni ghala za bidhaa na mazizi ya wanyama, juu ni vyumba vimepangana kwenye baraza ndefu. Waajemi wenye biashara zao walikaa Büyük Valide Han miaka mingi. Hata pakiwa na vyumba mia, lango la kuingilia kutoka mtaani ni kubwa na lina mwenyewe. Mshika hani hulifunga usiku na hulifungua asubuhi.

Evliya Çelebi, msafiri mashuhuri wa karne ya 17, ameeleza habari za hani moja ya Lüleburgaz, kwenye njia ya kutoka Istanbul kwenda Edirne. Asubuhi, kabla ya lango kufunguliwa, walinzi walikuwa wakipaza sauti kuwauliza wageni kama mali zao, roho zao, farasi na nguo zao ziko salama. Wageni wakijibu kwamba kila kitu kipo, ndipo lango lilipofunguliwa na watu wakaombewa dua ya safari. Tukikumbuka kile kisanduku chetu cha namba dirishani, tunasikia tofauti.

Nyumba ya familia haikuwa ya kupangisha

Mitaa waliyokaa familia ilikuwa na utaratibu wake. Nyumba ya Kituruki ya wenye uwezo iligawika mara mbili. Upande wa selamlık, neno lililotokana na salamu, ndiko alikopokelewa mgeni mwanamme. Upande wa haremlik, lenye asili moja na neno letu mahram, ulikuwa wa wanawake, watoto na jamaa wa ndani. Hili halitupi tabu sisi kulifahamu. Nyumba zetu za zamani za Mji Mkongwe zina baraza nje, zina ukumbi wa mbele, kisha zina ndani, na kila mtu anajua mguu wake unaishia wapi.

Mtaa kwa Kituruki unaitwa mahalle, ndugu wa neno letu mahala. Katika mahalle watu walidhaminiana. Ukitaka kuhamia, lazima apatikane mtu wa kukudhamini, anaitwa kefil. Dada zetu waliofanya kazi Uarabuni wanalijua neno kafili vizuri sana. Imamu wa msikiti ndiye aliyekuwa msimamizi wa mtaa na alijua nani ameingia na nani ametoka, mpaka mwaka 1829 serikali ilipoanzisha mkuu wa mtaa aitwaye muhtar, ambaye mpaka leo yupo. Wanaume wasio na familia waliokuja mjini kutafuta kazi waliwekwa mbali na mitaa ya familia, katika hani na katika nyumba za vyumba vya makapera.

Hatusemi kila kitu kilikuwa kizuri. Udhamini huo ulitumika pia kuwafukuza maskini na wasiotakiwa. Lakini tuone msingi wake: hakuna aliyelala mtaani bila ya mtu mmoja kuweza kusema, "Huyu namjua, mimi namjibia."

Moto ulioleta fleti

Nyumba nyingi za Istanbul zilikuwa za mbao, na moto ulikuwa adui mkubwa wa mji. Mwezi wa Juni 1870 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Pera, ng'ambo ya Pembe ya Dhahabu, walikokaa mabalozi, Wagiriki, Waarmenia na wafanyabiashara wa Ulaya. Leo tunaijua kama Beyoğlu. Mji ulipojengwa upya, mbao zikaachiwa mawe na matofali, na majengo ya ghorofa yenye familia nyingi yakaanza kuenea. Waturuki wakaliita jengo la namna hiyo apartman, kutoka neno la Kifaransa, na kila nyumba ndani yake wakaiita daire, neno la Kiarabu lililotupa sisi duara.

Wakati huo huo treni ya Orient Express ilianza safari zake mwaka 1883 na kuwaleta matajiri wa Ulaya, na hoteli ya Pera Palace ikajengwa miaka ya 1890 kuwapokea. Mgeni wa siku akawa na hoteli, familia ya mjini ikawa na apartman. Mwaka 1910 likasimama katika barabara ambayo leo ni İstiklal jengo la Mısır Apartmanı, yaani Apartman ya Misri. Mpaka leo lipo, na wengi wanaotembea barabara hiyo hulipita.

Upande wa mji wa zamani, fleti zilikuja kwa njia ya huzuni zaidi. Mwaka 1918 moto mkubwa uliunguza mitaa ya Fatih, watu wakabaki hawana makaazi. Msanifu Kemaleddin akachora majengo manne ya zege pale Laleli kwa ajili ya waliounguliwa, yakamalizika mwaka 1922. Yaliitwa Harikzedegan, yaani walioathirika na moto. Harik ni moto kwa Kiarabu, na masikio yetu yaliyozoea neno hariki yanalitambua. Majengo yale yapo mpaka leo, lakini yamegeuzwa hoteli. Nyumba iliyojengwa kwa mtu aliyepoteza kwake sasa analala mgeni mwenye begi. Tulipokuwa tukinunua vitambaa Laleli tulipita mbele yake mara nyingi bila ya kujua.

Laleli yenyewe ndiyo inayojulikana na wafanyabiashara wa nguo wa kila nchi. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, watu kutoka Urusi na nchi jirani walimiminika pale kununua nguo na kuzibeba kwenye mabegi. Waturuki wakaiita biashara ya mabegi. Waafrika nao wakafuata, na sisi wa visiwani tumo.

Mlinzi wa mlango anapotea

Mwaka 1965 Uturuki ilitunga sheria iliyomruhusu mtu kumiliki daire moja ndani ya jengo huku ngazi, paa na mlango wa nje vikiwa mali ya wote. Mji ukajaa apartman. Na karibu kila jengo likawa na kapıcı. Kapı ni mlango, na kapıcı ni mtu wa mlango. Alikaa chini kabisa na familia yake, akiwasha joto la jengo, akitoa taka, akiwaletea watu mikate ya asubuhi. Alimjua kila anayepanda ngazi. Kwa maneno mengine, ule udhamini wa mahalle na lile lango la hani vilikuwa vimehamia kwake.

Lakini gesi iliposhika nafasi ya makaa ya mawe na gharama zikapanda, majengo mengi madogo yakaachana na kapıcı. Mlango ukabaki na kengele tu. Na katika hali hiyo ndipo ulipoingia upangishaji wa siku kwa simu. Airbnb ilianzishwa Marekani mwaka 2008, na katika miaka michache mtu yeyote mwenye daire Istanbul aliweza kuwalaza wageni wa dunia nzima bila ya kuonana nao. Kwa mara ya kwanza katika historia ndefu ya mji ule, mgeni alilala ngazi moja na familia za watu na hapakuwa na hata mmoja wa kumjibia. Kilikuwepo kisanduku cha namba.

Majirani walilalamika kwa usalama wao, wapangaji wa muda mrefu walilalamika kwa kodi kupanda, na wenye hoteli walilalamika kwa biashara zao. Mwisho serikali ikatunga sheria, ikatangazwa rasmi Novemba 2023 na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2024. Inahusu nyumba inayopangishwa kwa watalii kwa siku 100 au pungufu. Mwenye nyumba lazima apate kibali cha Wizara ya Utamaduni na Utalii. Ili apate kibali, lazima wenye daire wote wa jengo lile waridhie, si wengi wao, wote, isipokuwa katika baadhi ya majengo ya hali ya juu yenye mapokezi na huduma zake. Akipata kibali anawekewa kibao mlangoni. Aliyekodi kwa mwenyewe hana ruhusa ya kuwapangisha tena watalii kwa jina lake. Asiyefuata anatozwa faini, ambayo sheria ilipoanza mwaka 2024 ilianzia lira 100,000.

Yule mama wa ghorofa ya pili alikuwa anatuambia habari za sheria hii. Na sasa tunaona kwamba si jambo geni. Mji ule umerejesha kwa karatasi kile ulichokuwa nacho kwa lango la hani, kwa kefil na kwa kapıcı: lazima awepo mtu wa kumjibia mgeni.

Basi tukodi vipi?

Suala la safari ya mwanamke na mahram wake muulizeni sheikh mnayemuamini. Sisi tunazungumzia mlango. Haya ndiyo tunayoyafanya siku hizi kabla ya kutoa hata senti moja.

Kwanza, tunaomba namba ya kibali na picha ya kibao cha mlangoni. Mwenye nyumba halali hutuma bila ya kuona tabu. Akianza kuzunguka, akisema kibali kiko njiani, au akituambia tuseme sisi ni ndugu zake, tunaaga kwa adabu. Bei yake ya nafuu ina sababu. Mtu anayetaka uingie nyumbani kwake kwa uongo ameshakujulisha tabia yake kabla hujamuona.

Pili, tunauliza nani atatupokea. Iwe mwenyewe, mkewe, au mtu wa mapokezi. Mwenye kupangisha kisheria anatakiwa kuandikisha wageni wake kwa polisi, kwa hiyo kuombwa pasipoti mlangoni ni dalili njema. Asiyetaka kujua jina lako ndiye wa kumuogopa.

Tatu, tunauliza ghorofa ya ngapi na lifti ipo au haipo. Istanbul ni mji wa vilima, na mitaa ya zamani ina ngazi nyembamba. Bibi harusi mwenye sanduku la gauni la kilo kumi hatalisahau swali hili. Mkiona "1+1" maana yake ni chumba kimoja na ukumbi, "2+1" ni vyumba viwili na ukumbi. "Bodrum kat" ni chini ya ardhi, msishangae mkikuta giza.

Nne, tunatazama mtaa kabla ya nyumba. Anayefuata gauni la harusi, barabara ya Fevzi Paşa katika wilaya ya Fatih imejaa maduka ya nguo za harusi, na nguo za stara zinapatikana mitaa hiyo hiyo. Anayenunua kwa jumla, Laleli iko karibu na tramu inapita. Maharusi wanaotaka utulivu watazame Üsküdar, mji wa misikiti na wa wanawake wale waliojenga wakfu. Tokea mwaka 2013 kuna treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari, na kutoka Üsküdar mpaka Sirkeci ni kituo kimoja tu. Karibu na Taksim ni pazuri kutembea, lakini kelele za usiku ni nyingi, na si kila mtu anataka kuisubiri Alfajiri kwa ngoma za vilabu.

Tano, mambo madogo ya ibada yetu. Nyumba nyingi za kule zina mfereji wa kujisafishia chooni, lakini ulizeni. Ulizeni pia mapazia, kwani majengo yanatazamana na fleti nyengine dirisha lake liko uso kwa uso na la jirani. Na msisahau: sisi huku tunaelekea kaskazini tukiswali, kule kibla ni kusini-mashariki. Bibi harusi wetu siku ya kwanza alitandika mswala kwa mazoea.

Tulikoishia

Asubuhi ya pili tulimrejeshea yule mama birika lake la chai, tukamuachia kanga moja katika tulizokuwa nazo. Aliisoma kwa vidole maana maandishi yake hakuyajua. Tukavuka tukaenda Üsküdar, tukapata fleti ya 2+1 yenye kibao mlangoni. Ilituzidi bei kwa usiku, na ilikuwa ghorofa ya kwanza. Mke wa mwenye nyumba alitupokea mwenyewe, akachukua pasipoti zetu, akatuonesha kibla kabla ya kutuonesha jiko. Jioni jirani akatuuliza sisi ni nani. Mama mdogo akajibu tu wapangaji wa siku nne kutoka Zanzibar, na jirani akasema karibuni.

Dada zetu, bibi harusi anaanza maisha yake kwa kuingia mlango mpya. Kama safari ya fungate ndiyo mlango wake wa kwanza na mumewe, basi wasiuingie kwa neno la kufichaficha. Nyumba ikiwa nzuri sana kwenye picha, iangalieni. Halafu ulizeni: hapa nani anaushika mlango, na majirani wameridhia?

Allah awape mabibi harusi wetu safari za salama, nyumba zenye sitara na majirani wema, na atujaalie na sisi tuwe wageni wasioacha lawama nyuma yao. Aamin.